Hujanywa, lakini kifaa kinasema umekunywa

Wiki hii tunazungumza zaidi na madereva, na pia na wewe ambaye mumeo, kijana wako au ndugu yako anakula kwa usukani.

Ukitoka Iringa kwenda Dodoma, ukishashuka milima ya Nyang'oro na kuzipita Izazi na Migoli, unafika Mtera. Hapo ndipo penye bwawa la umeme katika mto Ruaha Mkuu, na hapo ndipo abiria wengi hununua samaki. Sasa chukua mfano wa dereva wa basi aliyesimama hapo dakika kumi. Amekula, amesukutua kinywa kwa dawa ya chupa ili asinuke samaki, amejipaka kitakasa mikono, na konda amepuliza manukato ndani ya gari kwa sababu harufu ya samaki imezidi. Mbele kidogo anasimamishwa na askari wa usalama barabarani, anaambiwa apulize. Kifaa kinaonyesha kilevi. Dereva huyu hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe.

Hasara ya mtu huyu si ndogo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha gramu 0.08 za pombe katika mililita 100 za damu kwa dereva wa kawaida, lakini kwa dereva wa gari la biashara kikomo ni sifuri. Kwa hiyo mwenye gari lake binafsi akisomeka kiasi kidogo kwa bahati mbaya, bado yuko ndani ya sheria. Dereva wa basi au lori hana nafasi hiyo. Namba yoyote iliyo juu ya sifuri inamweka pabaya na askari, na tajiri wake, na abiria waliomwona akishushwa. Na akirudi mtaani, nani atamwelewa? Watu wa msikitini watasikia tu kwamba fulani kapimwa, kakutwa na pombe.

Ndiyo maana hapana budi mtu asiyekunywa ajue kifaa hiki kinapima nini hasa.

Kifaa kinapima nini?

Kipima ulevi hakipimi ulevi, ingawa jina lake linasema hivyo. Hakijui kama umelewa, wala hakijui kama umekunywa. Kinachofanya ni kunasa mvuke wa pombe katika hewa unayotoa, kisha kukadiria pombe iliyomo kwenye damu. Mtu akinywa, pombe huingia kwenye damu, damu hupita kwenye mapafu, na sehemu ndogo ya pombe hiyo hutoka pamoja na pumzi. Wataalamu walikubaliana kwamba kiasi cha pombe kilichomo katika mililita moja ya damu ni takriban sawa na kile kilichomo katika mililita 2,100 za pumzi. Ndani ya kifaa hesabu hiyo imeshawekwa tayari. Hesabu hii ndiyo iliyotumika tangu Mmarekani Robert Borkenstein alipounda kipima pumzi chake mwaka 1954, na ndiyo inayotumika katika vifaa vingi mpaka leo.

Hesabu hiyo ni nzuri kwa sharti moja: pombe iliyomo kwenye pumzi iwe imetoka kwenye mapafu. Ikiwa imetoka kinywani, hesabu yote inaharibika. Hebu tufanye hesabu sisi wenyewe. Mtu aliyefika kile kikomo cha 0.08, lita mbili za pumzi yake pamoja na nukta moja hivi zina pombe isiyofikia miligramu moja. Na tone moja tu la dawa ya kusukutua yenye pombe asilimia 20 lina takriban miligramu nane! Ni kweli kwamba tone hilo halitageuka mvuke lote kwa mpulizo mmoja, lakini umeona jinsi kitu kidogo sana kinywani kinavyoweza kumfanya mtu safi asomeke kama mlevi wa kupindukia.

Hapa pana jambo ambalo madereva wengi hulichanganya. Utasikia kijiweni kwamba ukizuia pumzi kifaa kinapandisha, ukiwa na homa kinapandisha, ukipuliza kwa nguvu kinashusha. Mengi ya hayo yana ukweli fulani, lakini yanamhusu mtu ambaye tayari ana pombe mwilini, kwa sababu yanaongeza au kupunguza namba ambayo ipo. Sifuri hata uizidishe mara ngapi itabaki sifuri. Kadhalika kiungulia na kucheua: kucheua kunarudisha kinywani kile kilichomo tumboni, na kama tumboni hamna pombe hakuna cha kurudisha. Kwa asiyekunywa, kinachoweza kuleta namba pasipokuwa na kitu ni aina mbili tu za sababu: pombe iliyo kinywani, mikononi au katika hewa inayomzunguka, na kemikali nyingine ambayo kifaa kinaidhania kuwa ni pombe.

Kinywani na mikononi

Tuanze na dawa za kusukutua kinywa, kwani hizi ndizo kubwa kuliko zote. Nyingi zinazouzwa madukani zina pombe, na baadhi huvuka asilimia 20. Soma karatasi ya chupa; ikiandikwa ethanoli au alkoholi, hiyo ndiyo pombe yenyewe. Vipimo vilivyofanywa kwa watu waliosukutua na kutema vilionyesha kwamba dakika mbili baadaye walisomeka juu sana, na kufikia dakika ya kumi walikuwa wameshuka chini ya kikomo. Chini ya kikomo cha Marekani lakini, si chini ya sifuri. Ndipo unapoona faida ya kungoja dakika 15 kamili, muda ambao wapimaji makini duniani huufuata kabla ya kumpulizisha mtu.

Vivyo hivyo dawa za kikohozi za maji. Baadhi zina pombe ya kuyeyushia dawa, na mtu akinywa kijiko akakamata usukani papo hapo, kinywa chake kinanuka pombe kwa kifaa. Muulize mfamasia akupe isiyo na pombe, zipo. Zipo pia baadhi ya dawa za kuvuta za pumu zenye pombe kidogo. Mwenye pumu asiache dawa yake kwa kuogopa kipimo, la hasha! Avute anapohitaji, amwambie askari, kisha asubiri.

Sasa tuje kwenye vyakula na vinywaji vya huku kwetu, maana humu ndimo watu wanapojikwaa bila kujua. Togwa ya leo asubuhi, iliyopikwa kwa unga na kutiwa kimea, ni kinywaji cha watoto na wazee. Lakini togwa haikai ilivyo. Katika joto la Mtera, ikilala siku ya pili na ya tatu inaendelea kuchachuka, na hamira za asili zilizomo zinageuza sukari kuwa pombe. Anayekuuzia kwenye dumu kando ya barabara hakwambii ni ya lini. Upande wa Iringa kuna ulanzi, na watu hudai kwamba ule mtamu wa siku hiyo hiyo si pombe. Utomvu wa mwanzi huanza kuchachuka ukiwa bado unadondokea kwenye chombo, kwa hiyo huo utamu usikudanganye. Upande wa Dodoma kuna juisi ya zabibu ya kukamua nyumbani. Ganda la zabibu lina hamira yake yenyewe, na juisi isiyochemshwa wala kuwekwa kwenye jokofu ikikaa kwenye chupa kutwa nzima juani, ukifungua ikatoa povu na mlio, imeshaanza kazi.

Hivi vitatu vina tofauti moja na dawa ya kusukutua. Vikishachachuka vya kutosha, ukanywa vikombe viwili vitatu, pombe haiko kinywani tu, imeingia kwenye damu. Hapo kifaa hakikosei. Wewe ndiye uliyekunywa pombe bila kujua, na dakika 15 hazitakusaidia. Hukumu yake kisheria ya dini tuwaachie masheikh, lakini kwa upande wa afya na barabara ushauri ni mmoja: dereva aliye kazini anywe maji, au uji uliochemka, au soda aliyoifungua mwenyewe.

Mkate wa hamira na ndizi zilizoiva kupita kiasi huacha mabaki madogo kinywani kwa dakika chache. Hayo huondoka kwa kusukutua maji.

Mikono nayo isisahaulike. Tangu mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa Korona, kitakasa mikono kimekuwa kitu cha kawaida stendi na ndani ya mabasi, na kwa kawaida zaidi ya nusu yake ni pombe. Mkono wenye majimaji hayo ukishika kifaa au ukikaa karibu na mdomo wakati wa kupuliza, mvuke wake unaingia. Haijalishi ni mkono wako au wa askari. Mkono ukikauka kabisa hatari inaisha. Marashi ya kupuliza ni hivyo hivyo, kwa kuwa mengi yameyeyushwa kwenye pombe. Mafuta ya attar halisi hayana. Konda akitaka kuondoa harufu ya samaki afungue madirisha, maana upepo wa bwawani ni bure.

Hewa ya ndani ya gari ina shida zaidi pale kinapotumika kile kifaa cha kupuliza kwa mbali, kisicho na mrija wa kuweka mdomoni. Hicho kinavuta pumzi yako pamoja na hewa iliyo karibu. Ikiwa abiria aliyekaa nyuma ya kiti chako amelewa chakari, au manukato yamepulizwa sasa hivi, shuka upulizie nje.

Swaumu na asetoni

Swali linaloulizwa sana kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani ni hili: mtu aliyefunga, kinywa kikavu na pumzi yenye harufu, anaweza kusomeka kuwa amekunywa?

Harufu yenyewe si pombe na haipandishi namba. Lakini swali lina msingi. Mwili ukikosa chakula kwa muda mrefu huanza kuchoma mafuta yake, na katika kuchoma huko hutoka kemikali iitwayo asetoni, ambayo hutoka kwa pumzi. Vifaa vya bei nafuu, vile vya kihisio cha semikondakta vinavyouzwa kama vitu vya kuchezea, vinaweza kuidhania asetoni kuwa pombe. Moshi wa sigara nao huvisumbua. Vifaa vizuri vinavyotumiwa na polisi wa nchi nyingi vina kihisio cha aina nyingine, ambamo pombe huunguzwa kikemikali na kutoa umeme kidogo unaopimwa, na hivyo haviioni asetoni.

Hata hivyo kuna kisa kimoja kilichoandikwa na wataalamu wa Sweden mwaka 2007, nacho kinafaa kujulikana. Huko magari mengine hufungwa kifaa ambacho dereva lazima akipulizie kwanza, na kikihisi pombe gari haliwaki. Tukiite kufuli la pumzi. Mzee mmoja wa miaka 59, asiyekunywa pombe kabisa, alipulizia kufuli la gari na gari likakataa kuwaka. Alistaajabu na kukasirika, na ana haki. Ilipochunguzwa, alikuwa katika mpango wa kupunguza unene kwa chakula kidogo mno, na mwili wake ulikuwa umejaa asetoni. Kihisio cha gari lile hakiioni asetoni, lakini ini lina uwezo wa kubadili asetoni kuwa isopropanoli, ambayo ni jamii ya pombe, na hiyo kihisio kinaiona. Hilo ndilo wataalamu wale walilolitoa kama maelezo ya tukio lile.

Usiichukue habari hii ukaogopa kufunga. Swaumu ya kwetu ni kutoka alfajiri hadi magharibi, saa 13 na ushee, na mtu hula daku na kufuturu. Yule mzee alikuwa katika njaa ya muda mrefu mfululizo. Anayepaswa kujihadhari ni yule anayejinyima vyakula vya wanga kwa wiki nyingi ili apungue huku akiendesha gari la abiria. Na aliyefunga akitaka kuondoa mabaki ya daku kinywani, maji ya udhu yanamtosha. Asukutue bila kuzidisha, na mswaki wa mti hauna pombe.

Makufuli haya ya pumzi hayajawa jambo la kawaida katika mabasi yetu, lakini duniani yanaenea. Ufaransa imeyalazimisha katika mabasi ya abiria tangu Septemba 2015, na Umoja wa Ulaya tangu 2022 unataka magari ya aina mpya yatengenezwe na mahali pa kuyafunga. Tunao ndugu wanaoendesha huko, na kwao mambo ni yale yale. Nyongeza ni moja: maji ya kufutia kioo cha mbele katika nchi za baridi hutiwa pombe yasigande, na mvuke wake ukiingia ndani ya gari unaweza kulifunga. Dawa yake ni kufungua milango hewa ipite, kusukutua maji na kujaribu tena baada ya dakika chache. Kufuli hilo huruhusu kurudia.

Ukisimamishwa

Ukisomeka nawe hujanywa, usipaze sauti na usikatae kupuliza. Mwambie askari kwa adabu ulichotumia: "Afande, nimetoka kusukutua kwa dawa, naomba nisukutue maji tusubiri dakika 15, unipime tena." Katika dakika hizo usile, usinywe kitu kingine, usitafune bigijii, usivute sigara. Omba akuonyeshe kifaa kikisoma sifuri kabla hujapuliza. Kikisoma namba hewani tupu, kuna kitu hewani au kifaa kina kasoro. Omba mrija mpya uliofungwa kwenye karatasi yake. Hilo ni la usafi vilevile, maana kifua kikuu na mafua havibagui dereva mcha Mungu na mlevi.

Pombe ya kinywani inashuka haraka sana, ya kwenye damu inashuka polepole. Kipimo cha pili kikisoma sifuri, jambo limejieleza lenyewe. Kikibaki palepale na wewe una yakini hujanywa, omba upelekwe hospitali upimwe damu, na omba iandikwe saa. Usingoje kesho, kwani damu ya kesho haithibitishi ya leo. Uko ugonjwa nadra ambamo hamira zilizo ndani ya utumbo hutengeneza pombe kutokana na chakula. Mwaka 2024 mahakama ya Bruges, Ubelgiji, ilimwachia mtu aliyethibitika kuwa nao. Lakini alithibitisha kwa vipimo vya madaktari, si kwa maneno.

Tuseme na upande wa pili, kwa kuwa si kila asemaye "kifaa kimekosea" ni mkweli. Mwili huondoa pombe takriban gramu 0.015 kwa mililita 100 kila saa, na kahawa au kuoga hakuharakishi. Aliyelala saa sita usiku akiwa na 0.15 anaweza kuamka saa kumi na mbili asubuhi akiwa bado na 0.06. Anajiona mzima, anapuliza, anasomeka, analaumu dawa ya meno. Huyo kifaa kimemsema kweli. Vitunguu, pipi za mnanaa, mkaa na sarafu mdomoni havifuti pombe iliyo kwenye damu. Na akitumia ile dawa ya kusukutua ili ajifiche ndiyo anapandisha.

Mwenye kisukari ana jambo lake. Sukari ikipanda sana na insulini ikakosekana, mwili hujaa asetoni, pumzi hunuka kama matunda yaliyoiva mno, mtu hupata kiu kali, hutapika, huhema kwa kina na huanza kuongea ovyo. Watu wakimwona hivyo, pamoja na kifaa kibovu kilichosoma namba, watamalizana naye kama mlevi na kumfungia rumande. Huyu anaweza kufa humo. Dereva mwenye kisukari atembee na kadi yake ya kliniki mfukoni, na konda wake ajue hali yake, ili akikutwa hivyo ashushwe kwenye usukani na kupelekwa hospitali moja kwa moja.

Na ninyi wenye mabasi, mnaopima madereva wenu wenyewe kabla gari halijaondoka: pimeni kabla ya chai na kabla ya kitakasa mikono, si baada yake. Kifaa msikiache juu ya dashibodi juani kutwa nzima, na kipelekwe kwa fundi wake kupimwa usahihi kwa muda uliowekwa na mtengenezaji. Dereva akisomeka mara ya kwanza, mpeni maji na dakika zake 15 kabla ya kumpigia simu mtu mwingine aje kuchukua usukani.